Sala Tuliyoifungua Mlimani

Mazoezi tulianzia Mamboleo, pale barabara ya Kakamega inapoanza kuupanda mlima wa Riat, na waendesha bodaboda wa stendi ile hawakuwa wamewahi kuona kitu kama sisi. Watu wanane wakipanda mlima kwa miguu asubuhi na mapema, saba kati yao Kalasinga, wanaume na vilemba vyao, na mimi nyuma yao na filimbi shingoni.

"Kalasinga! Gari imekufa?"

"Leo mvua ya mawe itanyesha, Kalasinga anatembea!"

"Dana, panda nikufikishe juu," mmoja akamwambia yule bibi wa Kipunjabi ambaye sote tulimwita Mama, akitumia neno letu Wajaluo la kumwita bibi.

Mama hakupunguza mwendo. Alimjibu kwa Kijaluo cha soko la Kibuye, bila hata kugeuka, kwamba pikipiki yake inakohoa kuliko yeye na aipeleke hospitali kwanza. Stendi nzima ikaangua kicheko. Alikuwa amevaa raba nyeupe mpya na shali, na alikuwa amepita miaka sabini.

Mimi ni mwalimu wa michezo katika shule moja ya sekondari mjini Kisumu, na ninakaa Migosi. Mwenyekiti wa kundi lile, ambaye ana duka la vifaa vya ujenzi, aliwahi kuniona nikiwakimbiza wasichana wa netiboli kuzunguka uwanja, akaja kuniuliza kama naweza kuwafanyia wazee hivyohivyo. Walikuwa wakijiandaa kwenda India, kwenye milima ya Himalaya, hadi ziwa dogo linaloitwa Hemkund. Ziwa lenyewe liko juu sana, juu kuliko mahali ambapo miti inakubali kuota, na kando yake pana nyumba ya ibada ya Masingasinga. Gari haliendi huko. Barabara inaishia bondeni, na kuanzia hapo ni miguu yako, au farasi wadogo wa mlimani, au mgongo wa mchukuzi anayekubeba ndani ya kikapu. Huruhusiwi kulala juu. Unapanda, unaoga kwenye maji ya barafu, unasali, unakula, unashuka siku hiyohiyo.

Nilikubali. Tulipanda Riat wiki baada ya wiki, na siku moja tukaenda kuupanda ukingo wa Nandi. Mwishowe walinialika niende nao, maana walishazoea kelele zangu. Baba yangu, mzee wa kanisa la Kisabato, aliniuliza kama huko nitabadilishwa dini. Nikamwambia nitabadilishwa hewa tu.

Kila mmoja wetu alikuwa na hamu ya kwenda, lakini Mama ndiye aliyekuwa na sababu. Yeye ndiye mkuu wa jiko la gurudwara, nyumba yao ya ibada pale Kisumu, lile jiko ambalo humlisha yeyote anayeingia, awe Kalasinga, Mjaluo au mpita njia, bila kumuuliza kitu. Kila kundi lililowahi kwenda Hemkund kutoka Kisumu lilibeba chapati alizozikaanga yeye. Aliwafungia chakula cha njiani, akawapungia mkono, akarudi kwenye masufuria, kwa sababu bila yeye nani angepika? Mumewe alienda, akarudi na hadithi ya maji. Wanawe walienda, wakarudi na hadithi ya maji. Kwamba yanachoma kama moto. Kwamba ukitoka unahisi umezaliwa jana.

"Nimeyapikia hayo maji tangu nywele zangu ziko nyeusi," aliniambia siku moja tukipumzika Kiboswa, akimenya ndizi. "Wote wameoga. Mimi nimeosha sufuria."

Goti lake la kulia lilikuwa linaharibika. Alijua, nasi tulijua, kwamba ni mwaka huu au basi.

Halafu kulikuwa na maneno ya mzee mmoja mwenye kiwanda cha mbao. Jumapili moja wakati wa chakula, Mama akimtilia wali wa Ahero, mzee yule alisema kwa sauti ya kusikika hadi mlangoni: "Wewe Mama si utapanda. Utapandishwa mgongoni, kama gunia la vitunguu." Ukumbi ulicheka. Mama naye alicheka. Nilikuwa nimeketi karibu, nikaona alivyokigonga kile kijiko kikubwa kwenye ukingo wa ndoo, mara mbili, ingawa hakikuwa na wali uliobaki.

Kwa hiyo siku ya kuondoka ilipofika alikuwa amejitayarisha. Desturi yao ni hii: kabla ya safari yoyote kubwa, watu husimama pamoja mikono imefumbatwa, na mtu mmoja huitamka sala kwa niaba ya wote. Siku ile aliyechaguliwa kuitamka alikuwa mjukuu wa Mama, mwanafunzi wa chuo kikuu mwenye kilemba cha buluu na sauti nzuri. Nilifunika kichwa nikasimama nao. Mke wa Mwenyekiti alikuwa akinitafsiria sikioni. Kabla kijana hajaanza, nilimwona Mama akimvuta shati na kumnong'oneza.

"Anaomba safari iwe salama," mke wa Mwenyekiti alininong'oneza. "Anaomba turudi na afya. Anaomba hawa wanane wafike juu kila mmoja kwa miguu yake mwenyewe..." Akafumbua macho, akamtazama mumewe. Mwenyekiti naye alikuwa amefumbua yake. Lakini tayari ukumbi mzima ulikuwa umeitikia kwa sauti moja, na jambo likawa limekwisha.

Nje, kwenye viatu, aliyesema wazi alikuwa daktari wa meno, mtu mnene mpole ambaye kundi lilimfanya daktari wa kila kitu. "Mama, umetufunga kamba."

"Nimewafunga raba," Mama akasema. "Tembeeni."

Hapo ndipo nilipoelezwa kwamba kwao sala ile si matakwa ya mtu moyoni mwake. Ni neno lililotolewa mbele za watu, na watu wakaliitikia. Haliachwi tu njiani kwa sababu limekuwa zito. Ukitaka kulibadilisha, ni lazima msimame tena.

Sitasimulia ndege, wala lile basi lililotupandisha milimani siku mbili nzima, upande mmoja ukuta wa mawe na upande wa pili hewa tupu hadi mtoni. Nitasema tu kwamba daktari wa meno alifumba macho tangu kona ya kwanza, na kila mmoja wa vijana wetu watatu, mjukuu wa Mama na wenzake wawili, aliposema "Doki, hebu ona pale chini," alijibu, "Nimeshaona, asante."

Siku ya kwanza ya kutembea ilikuwa sikukuu. Njia ilifuata mto mweupe kwa povu, chini ya misonobari mirefu, na ilijaa watu kama Kibuye siku ya soko: familia nzima na bibi zao, askari wa likizo, watawa wasio na viatu, farasi wenye kengele shingoni, wachukuzi na vikapu vyao. Kila aliyeshuka alimsalimu kila aliyepanda kwa jina la Mungu. Vibanda vya chai vilitoa moshi kila baada ya kona chache. Tulitoa mvuke midomoni tukachekana. Mjukuu wa Mama alipuliza wake kama anavuta sigara, bibi yake akamzaba kofi la mgongo. Watu walimwona mwanamke mweusi katikati ya Wapunjabi wakasimama kuuliza.

"Mmetoka wapi?"

"Kisumu!" tuliitikia pamoja.

"Kisumu ni wapi?"

"Iko kando ya ziwa," Mama aliwaambia, na mke wa Mwenyekiti akanipa tafsiri huku akicheka. "Lenu dogo tunakuja kuliona. Letu hata mwisho wake huoni."

Lakini nilianza kuona makosa yangu kabla ya saa sita. Kisumu mtu amefanya mazoezi akitoka jasho, na mimi niliwafundisha hivyo: ikiwa shati ni kavu, bado hujafanya kitu. Walipanda kwa kasi ya Riat, wakaloa, na kila tuliposimama kunywa chai jasho lile liligeuka barafu mgongoni. Daktari alianza kutetemeka. Vijana watatu hawakutaka kusimama kabisa. Na Mama, ambaye Riat aliwaacha wanaume wa nusu ya umri wake, aliyapanda yale mawe makubwa ya njiani kwa mguu mmoja tu wa kulia, ule mbaya, kwa sababu ndivyo alivyozoea kupanda ngazi za jikoni. Tulipoingia kijiji cha Ghangaria jioni, goti lilikuwa limevimba kama embe.

"Limenenepa kwa hewa nzuri," alisema.

Asubuhi bado giza, kipaza sauti cha gurudwara ya kijijini kilitangaza habari. Mvua kubwa ilikuwa inakuja. Kesho njia ya juu ingefungwa. Anayetaka kufika afike leo, na huko juu baada ya sala ya mchana kila mtu atateremshwa. Mwenyekiti alimtazama Mama. Mama alikuwa akifunga kamba za raba.

Njia ya kutoka Ghangaria hadi ziwani haina maneno mengi: inapanda. Haifuati mto, haina kivuli, haina tambarare. Inapinda kona juu ya kona ubavuni mwa mlima, kiasi kwamba anayetembea kona ya juu yako yuko karibu kukudondoshea ganda la ndizi kichwani, lakini ukitaka kumfikia kwa miguu ni mwendo. Miti iliisha. Ukungu ukaja. Maua ya buluu na ya manjano yalitokeza kati ya mawe, na nilikuwa na furaha ya kipumbavu, furaha ya mtoto aliyetoroka shule, ingawa moyo ulikuwa ukigonga masikioni. Vijana walitangulia tangu mwanzo. Mjukuu aliapa kwamba atakuwa mtu wa kwanza wa Kisumu kuligusa ziwa siku ile, na tukakiona kilemba chake cha buluu kikipanda, kona, kona, mpaka ukungu ukakimeza.

Tulikuwa tumepita nusu ya njia Mama alipokaa juu ya jiwe. Hakusema amechoka. Alikaa tu, akatoa kipande cha sukari nguru mfukoni, akakitia mdomoni, na alipotaka kuinuka, goti lilikataa. Alijaribu tena. Nilimshika kwapa, mke wa Mwenyekiti akamshika upande wa pili. Alipokanyaga alitoa sauti ndogo ambayo sikuwahi kuisikia kwake.

Daktari wa meno alipiga magoti kwenye matope akalipapasa goti. "Mama, hili halipandi tena."

"Wewe si wa magoti. Wewe ni wa magego."

"Hata gego lingeona."

Mchukuzi mmoja mwenye kikapu alikwisha kusogea, anajua kazi yake. Mama alikitazama kile kikapu, kisha akatazama pembeni, na nikajua anakiona nini. Nyuma ya mchukuzi alikuja mwenye farasi, akiongoza mnyama mdogo wa kahawia aliyepambwa shada la nyuzi nyekundu.

"Panda huyu farasi," Mwenyekiti alisema. "Mama, tafadhali. Saa zinakwenda. Tukikaa hapa sote tutakosa."

"Sitapanda."

"Mungu anaelewa."

"Mungu anaelewa, najua. Ni mimi niliyesema. Nilisimama mbele ya watu wa Kisumu nikasema kwa miguu. Sasa nipande farasi kwa sababu hakuna wa Kisumu anayeniona?"

"Sisi si wa Kisumu?"

"Nyinyi ndio mlioitikia!"

Mke wa Mwenyekiti, ambaye husema machache, ndiye aliyeona mlango. "Basi tusimame tena," alisema. "Tuombe radhi kwa ile sala, tuombe nyingine. Tuko hapa. Mwalimu naye yupo, alisimama na sisi Kisumu."

Mama alifikiri. Nilimwona akilipima jambo lile jinsi anavyopima chumvi. "Sawa," alisema. "Lakini aliyeitamka ndiye atakayeifungua. Niliyatia maneno yale mdomoni mwa mtoto. Hamtanifanya nimwache huko juu na maneno yangu mdomoni."

Tulitazama juu. Ukungu.

"Mwalimu," Mwenyekiti akaniambia, "mpigie filimbi."

Riat, mlio mmoja mrefu ulikuwa na maana ya rudini kwangu. Nikapuliza. Farasi watatu walishtuka, mmoja akarudi nyuma akatia kwato karibu na ukingo, na wenyewe walinigeukia kwa maneno ambayo hayakuhitaji tafsiri. Niliificha filimbi ndani ya koti. Nikaanza kukimbia. Mimi, mwalimu wa michezo, nilikimbia kona moja na nusu, nikajikuta nimeukumbatia mwamba huku mapafu yakitafuta hewa ambayo haikuwepo.

Pale kwenye mwamba walikuwa wamepumzika mzee mmoja mwenye ndevu nyeupe na mkewe. Aliniuliza kwa Kiingereza kama naumwa. Nilimweleza kwa vipande: kijana, kilemba cha buluu, Kenya, bibi yake yuko chini, hatapanda mpaka aje. Mzee hakuuliza kwa nini. Alisimama, akazungusha viganja mdomoni, akaitazama kona ya juu, akaita kwa sauti ya mtu aliyewahi kuamrisha askari. Nililisikia neno Kenya. Na kutoka ndani ya ukungu, juu ya vichwa vyetu, sauti ya mtu tusiyemwona iliuliza kitu. Mzee akarudia. Kisha sauti ile ya juu ikaita, si kwetu tena, bali kwa walio juu yake.

Nilisimama mdomo wazi. Neno lilipanda. Lilipita kona kwa kona, mara sauti ya mwanamume, mara ya mwanamke, mara kundi zima likiita pamoja na kucheka, kila mmoja akilirusha kwa aliye juu yake kama watu wanaopandisha ndoo za zege kwenye jengo. Kenya. Kenya. Likawa dogo. Likawa kama mlio wa ndege. Likaisha.

Nikashuka kwa wenzangu. Tukasubiri. Mama alitafuna sukari nguru yake. Daktari alipigapiga miguu ardhini. Watu waliendelea kutupita kwenda juu, na kila aliyetupita nilimwona Mwenyekiti akimsindikiza kwa macho, kwa wivu wa wazi. Nilifikiri: kijana ameshafika. Ameshaligusa ziwa. Au amesikia, akasema bibi hajambo, ni vituko vyake tu. Nani angeshuka mlima ule baada ya kuupanda?

Halafu sauti ikateremka. Ndogo kwanza, kisha kubwa, kona kwa kona, hadi kwa yule mzee wa ndevu nyeupe aliyekuwa bado amesimama mwambani pake kama mnara. Aliinama juu ya ukingo akatupigia kelele maneno mawili.

"Anakuja!" mke wa Mwenyekiti aliruka juu. Alirukaruka kama msichana. "Anakuja, anakuja!"

Watu wasiotujua walipiga makofi njiani.

Walikuja wote watatu, matope hadi magotini, mmoja ametelezea makalio sehemu fulani na suruali ilikuwa ushahidi. Mjukuu alikuja mbele, uso umekuwa majivu.

"Shosh! Nilidhani umekufa!"

"Nikifa utasikia kelele kubwa kuliko hiyo."

"Nilikuwa kwenye ngazi za mwisho! Nilikuwa naziona bendera!" Alishika kiuno, akahema, akanigeukia. "Mwalimu, aki, naziona hivi."

"Ukaziacha," Mama akasema.

"Si umeniita?"

Mama alimfuta matope shavuni kwa ncha ya shali, kwa nguvu, kama anafuta meza.

Mwenyekiti alimweleza haraka. Kijana alielewa mara moja, lakini sala yenyewe ndiyo iliyoleta ubishi, kwa maana sasa kila mtu alikuwa mwangalifu wa maneno.

"Usitaje miguu," alisema daktari.

"Wala farasi," alisema mke wa Mwenyekiti. "Tukitaja farasi, akiteleza je?"

"Usitaje saa."

"Basi niseme nini?" kijana aliuliza. "Mmemaliza maneno yote."

"Sema tulikosa kumpangia Mungu njia," Mama alisema. Sauti yake ilikuwa chini. "Sema tu hivyo. Mimi nilitaka kumwonyesha mtu fulani wa Kisumu. Mengine yeye Mwenyewe anajua."

Tulivua kofia za mvua, waliofunika vichwa wakabaki wamefunika, tukasimama kwenye ile kona nyembamba, wanane. Mama alisimama kwa mguu mmoja, ameniegemea mimi. Kijana alianza. Sauti yake Kisumu ilikuwa nzuri. Pale ilikuwa inakatika kwa sababu ya pumzi, na ilikuwa nzuri zaidi. Nilipofumbua macho niliona kwamba njia imesimama. Waliokuwa wakipanda walisimama. Mchukuzi aliweka kikapu chini. Mwenye farasi alifumbata mikono na kamba ya farasi ndani yake. Na kijana alipofika mwisho, lile itikio halikuwa la watu wanane. Lilitoka kona yetu, na kona ya juu, na ya juu yake, watu wasiojua tulichoomba, wakiitikia tu kwa sababu wamesikia sala imefika mwisho.

"Haya," Mama alisema. "Leteni huyo mnyama."

Kumpandisha kulitaka watu watano. Aliketi juu ya tandiko kama mtu aliyeketi juu ya jiko ambalo hana uhakika kama limezimwa. Farasi alipopiga hatua ya kwanza alimshika masikio.

"Mwambie asikimbie!"

"Mama, hata hajaanza kutembea."

"Mwambie tu!"

Wakaingia ukunguni, na tukamsikia akimwelekeza farasi pa kukanyaga kwa lugha tatu.

Sisi tulifuata na miguu yetu, na sasa saa zilikuwa zimetukimbia kweli. Sijawahi kutembea hivyo. Hatua, pumzi mbili. Hatua, pumzi mbili. Vijana, ambao walikuwa wakiipanda sehemu ile mara ya pili, hawakutangulia tena. Mmoja alimbebea daktari mkoba, mwingine alimsukuma mgongoni kwenye ngazi za mawe kama anasukuma gari lililozima. "Kalasinga, gari imekufa?" nilimwambia, na daktari akacheka hadi ikabidi akae. Theluji ilikuwa imebaki kwenye mabonde, chafu, yenye mashimo. Wanaoshuka walituambia, "Bado kidogo, bado kidogo," na uongo ule ulikuwa mtamu. Kisha bendera. Kisha paa. Kisha harufu ya moshi na samli, nikajua nimefika mahali penye jiko.

Mama hakuwa ndani. Alikuwa amesimama mlangoni, miguu mitupu juu ya zulia lililoloa, ameshika nguzo, midomo imekuwa ya buluu.

"Umeoga?" Mwenyekiti alimuuliza kwa woga.

"Nioge vipi peke yangu? Tumekuja wanane." Akatuhesabu kwa kidole, taratibu, kama anayehesabu sahani. Alipofika wa nane alishusha mkono. "Haraka basi! Wanataka kufunga!"

Wanaume walikimbilia ziwani. Nililiona kwa kipande tu, ukungu ukipasuka na kuziba: maji ya kijani kibichi, meusi katikati, yamezungukwa na vilele, wanaume wakiingia na vilemba vyao wakiwa wameshika minyororo, wakitoka wakipiga kelele. Wanawake wana mahali pao palipofunikwa, ambapo maji ya ziwa huingizwa ndani. Mlinzi wa mlango, mama mwenye sauti nzito, alitwambia wakati umekwisha. Mama alimwambia jambo fupi. Sikuuliza tafsiri. Mlinzi alitazama lile goti, akatazama raba nyeupe zilizokuwa mkononi mwa Mama, akasogea.

Ndani kulikuwa na giza na mvuke wa pumzi za wanawake. Tulimshika mimi na mke wa Mwenyekiti, mmoja kila upande, akashuka ngazi ya kwanza, ya pili. Maji yalipogusa vifundo vyake vya miguu alisimama wima. Nilidhani ni goti. Alikuwa ameyatazama tu, yale maji, kama mtu anayemtazama mgeni aliyesikia habari zake miaka mingi na sasa ameketi sebuleni kwake.

Kisha akajiachia, akazama kichwa na vyote.

Alipoibuka, nywele nyeupe zimefunguka usoni, lililomtoka si jina la Mungu kwa Kipunjabi, wala Kiswahili. "Mayoo!" alipiga yowe, yowe kamili la Kijaluo, la mwanamke aliyeangukiwa na mtungi. "Mayoo, mayoo!" Akazama tena. Akaibuka tena akicheka, meno yakigongana. Msichana mmoja wa huko, aliyekuwa akisitasita kwenye ngazi huku mamake akimsukuma, alimuuliza kitu. Mama akamjibu, akampungia mkono aje. Msichana akavuta pumzi, akazama, akaibuka.

"Mayoo!" akapiga yowe.

Na mamake nyuma yake, na mwanamke mwingine, mpaka kuta zile zikajaa neno la kwetu. Mlinzi aliingia kuona nani anakufa. Mama alikuwa amenishika mkono, kiganja chake kimekuwa jiwe la barafu, na hakuuachia.

"Mwalimu, sisi wote tumeingia," alisema. "Unangoja filimbi?"